Akina Wavell na Mpaka wa Umba: Ukoo wa Kijeshi, Rejimenti ya Kiskoti na Majina ya Vita

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Pangani, ukapita Tanga, Moa na Jasini, kisha ukavuka mpaka hadi Vanga, Gazi na Mombasa, kumbukumbu ya vita imehifadhiwa kwa njia mbili ambazo ni nadra kukutana. Ya kwanza ni jiwe, yaani nguzo, kaburi lililojengwa na bamba lenye majina, na njia hii ililetwa na dola za Ulaya zilizopigana hapa. Ya pili ni neno, yaani utenzi, hadithi na nasaba, na hii ndiyo iliyokuwa ya wenyeji tangu zamani, kama inavyoonekana katika utenzi mrefu alioutunga Hemed bin Abdallah el-Buhry juu ya vita vya Wajerumani kuitamalaki Mrima. Ukoo mmoja wa kijeshi kutoka Uingereza, ukoo wa Wavell, umeingia katika historia ya Afrika Mashariki mara tatu, katika vita vitatu tofauti na kwa watu watatu tofauti, na kila mara namna ulivyokumbukwa hadharani imeeleza mengi zaidi juu ya waliojenga kumbukumbu kuliko juu ya waliokufa.

Inafaa kusema mapema kwamba Wavell si ukoo wa Kiskoti kwa damu. Uskoti wao ni wa rejimenti, na katika jeshi la Uingereza jambo hilo si dogo. Rejimenti ni kundi la kudumu la askari lenye jina, bendera, desturi na makao yake, ambalo afisa huingia akiwa kijana na mara nyingi hulihesabu kuwa ni nyumba yake hata baada ya kustaafu. Mtoto humfuata baba ndani yake kama vile katika miji ya pwani mwana wa fundi wa majahazi alivyofuata kazi ya baba yake. Rejimenti ya akina Wavell ilikuwa Black Watch, ambayo asili yake ni makundi ya ulinzi yaliyoundwa katika nyanda za juu za Uskoti mwaka 1725 na kufanywa rejimenti kamili mwaka 1739, na ambayo askari wake walitambulika kwa vazi la tartani, yaani kitambaa cha mirabamiraba, la rangi ya kiza. Archibald Graham Wavell, aliyefikia cheo cha meja jenerali, aliitumikia. Mwanawe, Archibald Percival, akaingia humo mwaka 1901. Na mjukuu, Archibald John, akafa akiwa afisa wake. Kabla yao alikuwapo babu, Arthur Goodall Wavell, aliyeuza ujuzi wake wa vita nje ya nchi yake, akapigana Hispania, Chile na Mexico katika miaka ambayo makoloni ya Hispania yalikuwa yakijitoa mikononi mwa mfalme wake.

Lakini Wavell wa kwanza kufika pwani ya Afrika Mashariki hakuwa wa Black Watch. Huyo alikuwa Arthur John Byng Wavell, binamu wa Archibald Percival, aliyezaliwa mwaka 1882, akapitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst na kupigana katika Vita vya Makaburu akiwa afisa wa Rejimenti ya Wales kabla hajatimiza miaka ishirini. Mwaka 1906 aliacha jeshi, akaja Mombasa na kuanzisha shamba la mkonge Nyali, upande wa bara wa maji yanayokizunguka kisiwa hicho. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni wa juzi tu katika pwani hii: Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza mwaka 1893 kutoka Florida kwa njia ya Hamburg, na kati ya miche elfu moja aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Katika muda wa miaka kumi hivi zao hilo lilikuwa limekwisha kuugeuza uchumi wa Tanga na Usambara, na mkulima wa Kiingereza upande wa pili wa mpaka hakuhitaji kuangalia mbali ili ajue kwamba ardhi kavu ya pwani inaweza kulipa.

Tofauti na walowezi wengi wa wakati wake, Arthur Wavell alijifunza Kiarabu na Kiswahili kwa bidii, akaishi kwa ukaribu na Waarabu na Waswahili wa Mombasa, na mwaka 1908 akafanya jambo lililompa sifa Ulaya: alikwenda Makka wakati wa hija. Kwa kuwa mji huo umeharamishwa kwa asiye Mwislamu, alisafiri kwa hati ya Kituruki yenye jina la Ali bin Mohammed, mtu wa Zanzibar. Unguja ilichaguliwa kwa hesabu, kwa sababu kwa watu wa Sham na Hijazi ilikuwa mbali kiasi cha kwamba Kiarabu chake chenye kasoro na desturi zake ngeni zingeweza kuelezwa kwa neno moja tu, kwamba huko kwao ndivyo walivyo. Alifuatana na Masaudi, Mswahili wa Mombasa, na Abdul Wahid, Mwarabu wa Halab aliyekuwa akiishi Berlin. Walipanda reli ya Hijazi, iliyofika Madina mwaka huohuo, kisha wakashuka Yanbu na kupita Jidda hadi Makka. Kitabu chake juu ya safari hiyo na juu ya kuzingirwa kwake mjini Sanaa kilichapishwa mwaka 1912. Wasomaji wa London walimsifu mwandishi kwa ujasiri, na ni haki yake, ingawa msomaji wa pwani hawezi kukosa kuona kwamba usalama wa Mzanzibari huyu wa bandia ulitegemea sana Mswahili wa kweli aliyekuwa ubavuni mwake, aliyejua namna ya kuswali, kula na kusalimu bila kufikiri, na ambaye jina lake halikuandikwa juu ya jiwe lolote.

Vita vya 1914 vilipofika, mpaka uliokatwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba kwenda bara hadi ziwa Jipe, ukawa mstari wa mapigano. Mpaka huo uliwapasua Wadigo na Wasegeju katikati, na watu wake walikuwa na uzoefu wa kuutumia kwa faida yao. Miaka kumi na minane kabla ya hapo Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliposhindwa katika vita vyake na Waingereza, aliuvuka akajisalimisha kwa Wajerumani. Mwezi Septemba 1914 vikosi vya Kijerumani vilitoka upande wa Tanga, vikaingia Vanga na kuelekea kaskazini kwa nia ya kuitishia Mombasa, ambayo ilikuwa na askari wachache mno, kwa kuwa sehemu kubwa ya King's African Rifles, jeshi ambalo watu waliliita Keya, ilikuwa imetawanyika katika mipaka mingine.

Hapo ndipo Arthur Wavell alipoingia tena katika kazi ya silaha. Aliandikisha kikosi cha Waarabu, wengi wao Wahadhrami waliokuwa wakifanya kazi za kutwa mjini na bandarini, akakiongoza mwenyewe kwa lugha yao. Kikosi hicho, kilichoitwa Arab Rifles na kwa kawaida Waarabu wa Wavell, kilipambana na Wajerumani Majoreni, kusini mwa Gazi, mwishoni mwa Septemba, na Wavell akajeruhiwa. Wapiganaji wa upande wa Waingereza walirudi nyuma hadi Gazi, na shambulio la Wajerumani juu ya mji huo mapema mwezi Oktoba lilirudishwa. Mombasa ikasalimika.

Umuhimu wa kikosi hicho haukuwa katika idadi ya bunduki zake. Novemba 1914 dola ya Uthmaniya, iliyokuwa upande wa Ujerumani, ilitangaza jihadi, na Wajerumani walitumia tangazo hilo kuwavuta Waislamu wa koloni lao. Waingereza walijibu kwa kuwategemea wakubwa wa Kiislamu wa pwani: Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar alisimama upande wao, na Mombasa Ali bin Salim, wa ukoo wa Busaidi, akafanya vivyo hivyo. Katika hali hiyo Waarabu waliojiandikisha chini ya mtu aliyeijua Makka walikuwa hoja iliyo hai, inayoonekana barabarani, kwamba vita hivi havikuwa vya Waislamu dhidi ya makafiri. Kama wao wenyewe waliona hivyo, au kama walivutwa na mshahara na heshima ya bwana waliyemfahamu, ni jambo ambalo nyaraka za maofisa hazikujishughulisha kuliuliza.

Baada ya mapigano ya Gazi, Tanga ilipata vita iliyoifanya ijulikane katika vyuo vya kijeshi vya dunia nzima. Tarehe 2 Novemba 1914 msafara wa meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, ulifika mbele ya bandari ukilindwa na manowari Fox. Kapteni wa manowari hiyo aliutangazia mji kwanza kwamba mapatano ya awali ya kutokushambulia bandari yamekwisha, jambo lililompa Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck muda wa kuleta vikosi vyake kwa reli kutoka Moshi. Askari wa msafara waliteremka Ras Kazone, wakapita katika mashamba ya minazi, mpira na mkonge bila kupeleleza vya kutosha, na siku ya tarehe 4 wakakutana na moto wa bombomu, yaani bunduki zinazopiga risasi mfululizo, pamoja na nyuki waliotoka katika mizinga iliyotundikwa mitini baada ya kuchokozwa na risasi. Watetezi hawakuzidi kama elfu moja. Walioshambulia walipoteza zaidi ya watu 800 kwa kufa na kujeruhiwa, na walipopanda tena melini waliacha ufukoni bunduki, bombomu na risasi laki kadhaa, ambazo von Lettow-Vorbeck alizitumia kwa muda mrefu baadaye.

Miongoni mwa waliokufa upande wa Kijerumani alikuwa Tom von Prince, ambaye maisha yake ni kama kioo kilichogeuzwa cha maisha ya Wavell. Alizaliwa Morisi mwaka 1866, baba yake akiwa Mwingereza na mama yake Mjerumani, akalelewa Ujerumani, akawa afisa katika vita dhidi ya Mkwawa na mwanzilishi wa kituo cha Iringa, kisha akastaafu na kulima Sakarani, karibu na Soni katika Usambara, mahali ambapo leo pana misheni ya Wabenedikto. Mtu mwenye baba Mwingereza alikufa akiwazuia Waingereza wasiingie Tanga. Mtu aliyejiita Mzanzibari alikuwa katika vita hivyohivyo akiwaongoza Wahadhrami kuwazuia Wajerumani wasiingie Mombasa. Wote wawili walikuwa wakulima, wote walijua lugha za pwani, na wote walikumbukwa kwa majina yao kamili.

Baada ya Tanga vita vya pwani vikawa vya kuviziana. Waingereza walivuka tena Umba na kuweka kikosi Jasini, ambako Wajerumani walikizingira tarehe 18 Januari 1915. Maji na risasi vilipokwisha, na kamanda wake, Luteni Kanali Raghbir Singh wa askari wa Kashmir, alipokwisha kuuawa, kikosi kilijisalimisha siku ya pili. Von Lettow-Vorbeck mwenyewe alijeruhiwa mkono, akapoteza maofisa aliowahitaji na kutumia risasi nyingi kiasi cha kutambua kwamba hataweza kurudia ushindi wa namna hiyo mara nyingi. Tangu hapo alipendelea kupeleka makundi madogo ya kuvunja reli na kushambulia vituo. Mwaka mzima, basi, nchi iliyo kati ya Umba na vilima vya Shimba ikawa ya doria na mitego. Vijiji vya Kidigo vilikimbiwa, mashamba yakaachwa, na wanaume wakachukuliwa na pande zote mbili kubeba mizigo.

Mwele Mdogo, bara ya Gazi, kilikuwa kimojawapo cha vituo hivyo, na Wavell, sasa akiwa meja mwenye nishani ya Military Cross, alikuwa ndiye mkuu wake. Tarehe 9 Januari 1916 alitoka na Waarabu wake kukabiliana na kikosi cha Wajerumani kilichokaribia, akaingia katika mtego na kuuawa pamoja na Luteni Mackintosh na baadhi ya askari wao. Alikuwa na umri wa miaka 33. Miezi sita baadaye, tarehe 7 Julai 1916, Waingereza waliingia Tanga karibu bila mapigano, kwa kuwa majeshi yao makubwa chini ya Jenerali Smuts yaliyoshuka kufuata reli kutoka Kilimanjaro yalikuwa yamekwisha kuifanya bandari hiyo isiweze kulindwa. Kwa hesabu baridi ya kijeshi, damu iliyomwagika Majoreni, Jasini na Mwele haikuamua vita. Iliinunulia Mombasa muda katika miezi ya mwanzo, na baada ya hapo ilikuwa gharama ya kusubiri.

Kumbukumbu ya Wavell ilisimamishwa Mombasa kwa umbo la obeliski, yaani nguzo ya jiwe yenye pembe nne na ncha iliyochongoka, umbo ambalo Wazungu waliliazima Misri na kulifanya alama ya kawaida ya mashujaa wao. Ni kumbukumbu ya namna ya pekee katika pwani hii, kwa kuwa kumtaja Wavell ni kuwataja pia Waarabu wake: hakuna masimulizi ya kifo chake yanayoweza kuandikwa bila wao. Hata hivyo yeye ndiye aliyeupa mnara jina, na wao ndio waliopewa jina lake. Mpangilio huo ulikuwa desturi ya jeshi la kikoloni, ambalo mara nyingi lilivitaja vikosi vya wenyeji kwa majina ya maofisa, na kwa hiyo haukuhitaji ubaya wa mtu yeyote ili ufanye kazi yake. Karani wa jeshi alijua namna ya kuandika jina la Meja Wavell, na hakujua, wala hakuona haja ya kujua, namna ya kuandika nasaba ya Mhadhrami.

Kwa Waafrika waliokufa katika vita hivyo utaratibu ulikuwa mkali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sanamu tatu za shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, zilisimamishwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kuwa kumbukumbu ya askari na wapagazi. Ile ya Dar es Salaam iliwekwa pale ilipokuwa imesimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kutolewa kwa Kiingereza, Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu, yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa. Ila juu ya sanamu hizo hakuna jina hata moja. Wapagazi, ambao kwa upande wa Waingereza peke yao waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa, waliachiwa Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliorithi jina la kikosi chao. Tanga ilipata makaburi yaliyotunzwa na tume ya Kiingereza inayohusika na maiti wa vita, na katika makaburi hayo tofauti ya Mzungu, Mhindi na Mwafrika inaonekana katika jiwe lenyewe: nani ana lake, nani yumo katika orodha, na nani hayupo.

Wavell wa pili hakuhitaji nguzo ya Mombasa ili ajulikane. Archibald Percival alizaliwa Colchester mwaka 1883, akapoteza jicho la kushoto karibu na Ypres mwaka 1915, na mwaka 1939 akawa mkuu wa majeshi ya Uingereza katika Mashariki ya Kati, eneo ambalo kwa hesabu ya kijeshi liliingiza ndani yake Afrika Mashariki. Kutoka Cairo alisimamia vita vya 1941 vya kuwatoa Waitalia Somalia na Ethiopia. Mapigano yenyewe upande wa kusini yaliongozwa na Jenerali Alan Cunningham kutoka Kenya, na askari wa Keya, pamoja na wa Afrika Magharibi na wa Afrika Kusini, ndio waliotembea: Kismayu ilichukuliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Batalioni za sita za Keya, ambazo ndizo zilizokuwa za Tanganyika, zilikuwamo; tarehe 19 Mei huko Colito mmoja wa askari wa batalioni ya kwanza kati ya hizo, Sajini Nigel Leakey, alikufa akikishambulia kifaru na kupewa baada ya kifo chake nishani ya Victoria Cross, ambayo ni kubwa kuliko zote katika jeshi la Uingereza.

Kutoka hapo Archibald Wavell alihamishiwa India, akapandishwa kuwa fildimarshali, cheo cha juu kabisa cha jeshi, na kuanzia 1943 hadi 1947 akawa Makamu wa Mfalme huko, mtawala wa mwisho kabla ya Mountbatten. Alipofariki mwezi Mei 1950, taji la heshima alilowekewa lilikuwa la dola nzima: mwili wake ulipitishwa mtoni Thames kwa mashua kutoka Mnara wa London hadi Westminster, na Black Watch, ambayo alikuwa kanali wake wa heshima, ikachukua nafasi ya familia. Alizikwa Winchester, katika shule aliyosoma, chini ya jiwe lililoandikwa neno moja tu, jina lake la ukoo. Unyenyekevu wa namna hiyo ni wa mtu anayejua kwamba neno moja latosha.

Katika pwani ya Tanga vita ya Fildimarshali Wavell ilipata kumbukumbu ya namna nyingine. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi, aliutunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hadi 1945, kazi ndefu mno iliyochapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1962. Hapo mtu wa Tanga alichukua mambo ya Ulaya, Afrika na Asia na kuyatia katika vina na mizani vilevile ambavyo Hemed bin Abdallah alivitumia nusu karne kabla yake kwa vita vya Mrima. Jambo la kuzingatia ni kwamba mshairi hakungoja mnara. Aliwafanya wasomaji wake kuwa warithi wa vita ambavyo ndugu zao walipigana na ambavyo katika mawe ya Kiingereza viliandikwa kana kwamba ni vya Waingereza peke yao. Na kama leo utenzi huo unasomwa na wachache kuliko unavyostahili, kosa si la utenzi.

Wavell wa tatu alirithi kila kitu isipokuwa bahati. Archibald John, mtoto wa pekee wa kiume wa fildimarshali, alizaliwa mwaka 1916, mwaka uleule Arthur alipouawa Mwele, akaingia Black Watch, akapoteza mkono wa kushoto kwa jeraha alilolipata Burma mwaka 1944, na hata hivyo akabaki jeshini. Kwa kifo cha baba yake akawa Erli wa pili, yaani mtu wa pili kushika daraja la ukabaila alilopewa baba mwaka 1947. Batalioni ya kwanza ya Black Watch ililetwa Kenya mwaka 1953 kutoka Korea, katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Mkesha wa Krismasi mwaka huo, tarehe 24 Desemba, Meja Wavell aliuawa katika mapambano karibu na Thika. Hakuwa na mke wala mtoto. Daraja la Erli Wavell likafa pamoja naye, na hivyo mstari wa akina Wavell wa Black Watch ukaishia katika nchi ileile ambamo binamu wa baba yake alianza kulima mkonge.

Tofauti kati ya kifo cha Mwele na kifo cha Thika ni kubwa kwa anayekumbuka hadharani. Arthur aliuawa na jeshi la dola nyingine ya kikoloni, na kwa hiyo mji wa Mombasa uliweza kubaki na nguzo yake hata baada ya uhuru bila aibu kubwa. Watu wa pwani walikuwamo pande zote mbili, na wengi waliokufa pamoja naye walikuwa wa mjini. Archibald John aliuawa na Wakenya waliokuwa wakipigania ardhi. Nchi iliyozaliwa kwa vita hivyo haikuwa na sababu ya kumjengea chochote, na ilichelewa hata kuwajengea waliompinga: sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake, na mnara wa wahanga wa mateso ya kikoloni ukazinduliwa Uhuru Park Septemba 2015. Huu wa pili uligharimiwa na serikali ya Uingereza kufuatana na makubaliano ya 2013, ambayo yaliwalipa fidia Wakenya 5,228. Kwa hiyo dola iliyompeleka Erli wa pili Kenya ndiyo iliyolipia jiwe la wale ambao jeshi lake liliwatesa.

Rejimenti yenyewe haikubaki kama ilivyokuwa. Mwaka 2006 Black Watch iliunganishwa na rejimenti nyingine za Uskoti na kuwa batalioni mojawapo ya rejimenti moja kubwa, na historia yake sasa inaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Balhousie, mjini Perth. Kwa upande wa pwani, mabadiliko yamekuja kwa njia ya makaratasi. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, mrithi wa ile iliyoyatunza makaburi ya Tanga, ilitoa taarifa iliyokiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika, Wahindi na Waarabu waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakupewa heshima sawa na Wazungu: kati ya 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa namna pungufu, na wengine wasiopungua 116,000, labda wengi zaidi, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Afrika Mashariki ilikuwa kiini cha taarifa hiyo, kwa kuwa ni hapa maofisa wa miaka ya 1920 waliamua kwamba kaburi la Mwafrika halihitaji jiwe na kwamba sanamu moja kwa kila mji mkubwa yatosha. Tume imeahidi kutafuta majina. Kazi hiyo inaanza na madaftari ya mishahara na orodha za hospitali za kijeshi pale zilipobaki, na kwa pwani ya Umba, ambako wapagazi wa Kidigo waliandikwa mara nyingi kwa jina moja tu bila la baba, italazimu pia kuwaendea wazee wa Vanga, Moa na Jasini na kuwauliza nasaba zao.